Ukurasa umejaa matusi ya siasa: nikifuata pande zote mbili nitapata mizani?

Mgeni_Njiani: Wakuu, heshima kwenu. Nikifungua Facebook au X ni wafuasi wa vyama wanatukanana tu, na wa upande nisioupenda wanaonekana vichaa wote. Nikianza kufuata akaunti za pande zote itasaidia? Na sauti za akili mnemba zinazozunguka WhatsApp nizitambueje?

Fundi_Takwimu: Mkuu, usikurupuke. Mwaka 2018 mtafiti Chris Bail na wenzake walichapisha jaribio ambapo Wamarekani walilipwa kufuata kwa mwezi mmoja akaunti ya roboti iliyosambaza maoni ya upande wa pili huko Twitter (sasa X). Wafuasi wa Republican, chama cha kihafidhina cha huko, wakazidi kuwa wahafidhina. Nionavyo mimi, ukifuata ovyo unakutana na wapiga debe wa upande ule, si wapiga kura wake wa kawaida.

Jua pia mtambo unaopanga machapisho haupimi unachokubali, unapima unachogusa. Kuanzia 2017 Facebook iliipa kila emoji, ya hasira ikiwemo, uzito mara 5 ya laiki. Ya hasira ilishushwa hadi sifuri Septemba 2020 tu. Kwa hiyo ukiandika "upuuzi mtupu" chini ya chapisho, umelisukuma mbele.

Fanya hivi: usijibu, usiweke emoji, na video ya kukuudhi ipite haraka, maana hata muda wa kutazama unahesabiwa. Bonyeza vidoti vitatu, chagua kwamba hupendezwi. Kisha acha kufuata zile akaunti zinazoishi kwa kunukuu wapinzani ili wachekwe. Hizo ndizo sumu yenyewe, hata kama ni za upande wako.

Bibi_Hoja: Sawa, ila tusimwahidi makubwa. Katika uchaguzi wa Marekani wa 2020, watafiti waliwawekea watumiaji wa Facebook na Instagram machapisho kwa mpangilio wa wakati (jipya juu) badala ya ule wa mtambo, miezi 3. Matokeo yalitoka Julai 2023: Facebook lugha chafu ilipungua, habari za vyanzo visivyoaminika zikaongezeka, na chuki baina ya vyama ikabaki palepale. Utapumua, lakini mtazamo wako hautabadilika kwa kubonyeza kitufe.

Sikio_Moja: Kwenye sauti, usiamini sikio. Tangu Januari 2023 Microsoft ilionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde 3. Programu za kugundua sauti bandia nazo hukosea, hasa faili likishabanwa na kutumwa mara nyingi.

Angalia alama ya mishale miwili kwenye ujumbe wa WhatsApp: maana yake ujumbe umepita mikono 5 au zaidi tangu aliyeutuma kwanza. Uliza ilisemwa wapi, lini, mbele ya nani. Kisha tafuta rekodi nzima, si kipande. Tazama na saa pia: Slovakia mwaka 2023 sauti bandia ya kiongozi wa chama ilitoka siku 2 kabla ya kura, kampeni zikiwa zimefungwa, kujibu ikawa shida. Ikija ya namna hiyo, usiiguse hadi kura zihesabiwe.

Mgeni_Njiani: Kumbe kubishana kwangu ndiko kunakowaleta! Naanza na vidoti vitatu leo.