Mwenyekiti mpya wa bodi: tutangaze nafasi au tumfuate mtu mwenye jina?

Wakuu, swali hili nililileta hapa juzi, naomba tulijadili kwa uzito wake.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shirika moja hapa Mwanza linalofundisha vijana ushonaji, umeme wa majumbani na uchomeleaji, kisha linawatafutia pa kujishikiza. Mwenyekiti wetu, aliyekaa tangu shirika lisajiliwe, anaondoka. Kamati ya kumtafuta mrithi ina watu watano. Wenzangu watatu wanataka tumfuate mstaafu mmoja wa serikali, mtu anayeheshimika, tumwombe akubali. Mimi na mama mmoja tunasema nafasi itangazwe redioni, kwenye mbao za matangazo za kata na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahitimu, kila mwenye sifa aombe na asailiwe.

Niwaeleze kwa nini nimeshikilia hapo. Ripoti yetu ya mwaka jana iliandika kwamba vijana "wamehitimu na kukabidhiwa vyeti". Tuliipitisha, tukanywa chai, tukaondoka. Baadaye nilikwenda Igoma kumtafuta binti mmoja wa darasa la ushonaji. Nilimkuta barazani anakaanga mandazi. Ndani, cheti chake kilikuwa ukutani kwenye plastiki, na futi ya fundi imening'inia kwenye msumari uleule. Cherehani hana. Akaniambia, "Baba, kushona najua. Nitashonea nini?"

Mwalimu wake hana kosa, kazi yake aliifanya. Kosa ni letu wanabodi, maana katika vikao vyote nilivyohudhuria hakuna aliyeuliza huyu mtoto anafanya nini miezi sita baada ya cheti. Nami nilikuwemo, nikanyamaza. Namtaka mwenyekiti atakayeuliza hivyo kila kikao, na asikubali tufunge bila jibu.

Mmeshajibu wengi tangu juzi, nijibu yaliyo mazito.

Ndugu mmoja kaandika kwamba bila jina kubwa milango haifunguki. Ni kweli, barua yenye sahihi ya mtu anayejulikana husomwa mapema, yetu hulala masijala. Lakini tazameni Kids Company ya London, shirika lililohudumia watoto na vijana. Kwa zaidi ya miaka 10 mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Alan Yentob, mmoja wa wakubwa wa BBC. Mawaziri walilipenda na serikali ikalipa ruzuku ya mamilioni ya pauni, kisha Agosti 2015 likafunga milango. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyolichunguza iliwalaumu wadhamini, yaani wanabodi wake. Haki niseme pia kwamba mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwafungia wadhamini hao kuongoza kampuni. Walikuwa watu wa heshima zao, na bado shirika liliishi bila akiba ya kulivusha siku mbaya. Mwenye jina na aombe kama wengine, tumsikilize.

Dada aliyesema tukitangaza tutaletewa wawinda posho, hapo umegusa panapouma. Nafasi hii ni ya kujitolea na tangazo liseme hivyo mstari wa kwanza: siku mbili kwa mwezi, na mwezi wa ukaguzi wa hesabu zaidi ya hapo. Posho ya kikao isiwepo. Ila nauli irudishwe kama ilivyotumika, na vocha pia. Na kuna jambo linanisumbua zaidi. Fundi anayefunga kibanda siku nzima ili aje kikaoni amepoteza riziki ya siku hiyo. Mstaafu mwenye pensheni hajapoteza kitu. Tukisema "kujitolea" tukaishia hapo, tayari tumeshachagua nani anaweza kukaa kile kiti. Napendekeza fidia ya siku kwa anayeonyesha kwamba kipato chake kimekatika, kiwango kipitishwe na mkutano mkuu na kiandikwe kwenye hesabu ambapo kila mwanachama atakiona. Najua wengine mtapinga. Pingeni, lakini mseme fundi huyo aje vipi.

Kuhusu mwanzilishi kwamba aachiwe achague kwa kuwa ameteseka na shirika: ameteseka, namheshimu sana. Lakini yeye ndiye mkurugenzi mtendaji. Mwenyekiti ndiye anayeongoza kumpima. Hatuwezi kumpa mtu amchague msimamizi wake mwenyewe.

Muda wa kukaa, mimi nasema mihula miwili ya miaka mitatu, basi. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, hata cheti chetu cha usajili kina ukomo wa miaka 10, tunatakiwa kukihuisha. Mwenyekiti wetu pekee ndiye hakuwa na ukomo.

Mwingine kapendekeza mwajiri, mwenye karakana au kiwanda kidogo. Hilo nalipenda. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka 4% hadi 3.5% ya mishahara, na bado kila siku wanalalamika kwamba vijana wanakuja hawajui kazi. Aje mezani atuambie hawajui nini hasa. Ila aandike mapema maslahi yake, na tukijadili kupeleka vijana kwake atoke chumbani. Sitaki wahitimu wetu wageuzwe vibarua wa bure wa mwenyekiti.

Usaili wenyewe mimi ningeufanya hivi. Kila mwombaji apewe siku tatu kabla ripoti yetu ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, zilezile tunazopeleka kwa Msajili. Akija, tumuulize swali moja kwanza: humu ndani umekosa kuona nini? Atakayesema "sijaona vijana wako wapi sasa" nitampigia kura, awe mstaafu, mwenye karakana au fundi cherehani.

Kamati inakaa tena Jumamosi na bado sisi ni wawili kwa watatu. Kwenye mashirika mliyomo, mwenyekiti alipatikanaje, na je, wahitimu walikuwa na sauti yoyote?