Mitishamba ya kupandisha damu wakati wa tibakemikali: je, ni salama?

Muulizaji

Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu mdogo anatibiwa saratani ya matiti, na dozi yake ya wiki hii imeahirishwa kwa sababu chembe nyeupe za damu zimeshuka mno. Jamaa wanamshauri anywe maji ya majani ya mpapai na alambe unga wa mlonge ili damu ipande. Je, kuna mmea wenye uwezo huo kweli?

Mfamasia

Pole kwa kuuguza. Dawa za tibakemikali hushambulia chembe zinazogawanyika upesi, na uloto wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, umejaa chembe za namna hiyo. Neutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazotukinga na bakteria, huishi muda mfupi sana. Ndiyo maana hupungua mapema, mara nyingi kufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda zenyewe uloto unapopata nafuu. Hapo ndipo mtishamba hupewa sifa isiyo yake: mgonjwa ameanza kuunywa siku ya 10, kipimo cha siku ya 21 kimetoka kizuri, na nyumba nzima inaushukuru mmea.

Majani ya mpapai yamechunguzwa kwa wagonjwa wa homa ya dengi, ambao chembe sahani zao, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, hushuka kwa sababu nyingine kabisa. Mlonge una madini ya chuma, lakini kilichoshusha chembe nyeupe za mama si ukosefu wa chuma. Siidharau mimea hata kidogo, kwani paklitaseli, dawa kubwa ya saratani ya matiti, ilitokana na gome la mti; tofauti ni kwamba kiasi chake hupimwa kwa miligramu. Muulizeni daktari kuhusu sindano ya filgrastimu, iliyothibitishwa kuuchochea uloto utengeneze neutrofili.

Muuguzi wa wodi ya saratani

Naongezea upande wa madhara. Majani mabichi yaliyotwangwa na unga ulioanikwa huweza kubeba bakteria na ukungu, ambavyo mtu mzima wa afya havimsumbui, lakini asiye na neutrofili huweza kumuua. Joto la mwili likifika nyuzi 38, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Tatizo ni kwamba unga ameshaanza kuulamba tangu juzi, naye anaogopa kufokewa na daktari.

Muuguzi wa wodi ya saratani

Auache kwanza, na msimlaumu, kwa maana anapigania uhai wake. Siku ya kliniki nendeni na mfuko wenyewe wa unga, mtaje tarehe aliyoanza na kiasi anacholamba. Vipimo vya ini vikibadilika huku daktari hajui habari hizo, atadhani ni dawa zake na huenda akapunguza dozi ambayo mama anaihitaji.