Ugali wa muhogo bila dagaa: protini itoke wapi?

Mwanga_Sokoni
Habari wakuu. Kuna mtu hapa nyumbani katakiwa aache ngano na maziwa, na nyama, samaki na mayai tangu zamani hagusi. Kwa Kigoma maana yake hata dagaa hawapo mezani. Ugali wetu ni wa muhogo. Naomba milo miwili mitatu ya jiko la mkaa, yenye protini ya kushiba, vitu vyote vipatikane sokoni. Vipimo tafadhali, si "weka kiasi".

Mwiko_wa_Ujiji
Muhogo hauna gluteni, ile protini ya ngano, hapo uko salama. Ila protini ni kama haimo: gramu 100 za unga hazifikishi hata gramu 3, wakati mahindi yana karibu 8. Kwa hiyo mboga ndiyo ibebe mzigo wote. Kale kabakuli ka maharage pembeni ya mlima wa ugali hakatoshi. Pika nusu kilo ya maharage makavu kwa watu wanne, kila mmoja atapata gramu 25 hivi za protini.

Loweka jioni, asubuhi mwaga yale maji. Weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima ndipo upunguze moto. Usiruke hatua hiyo: maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na moto wa chini hauiondoi. Atakayekula atatapika mkasingizia ugali. Nyanya na ndimu zisubiri, kwa sababu uchachu huyafanya yakatae kulainika. Minya moja kwa vidole. Likisagika lote bila kiini kigumu, limeiva.

Sufuria nyingine: mawese vijiko vikubwa 3, vitunguu 2, moto wa kati mpaka harufu mbichi iishe. Usingoje yatoe moshi na kupauka, maana ule wekundu ndio wenye vitamini A, ukiungua umekwenda. Tia nyanya 3, chumvi, kisha maharage na supu yake, dakika 15. Ponda upawa mmoja wa maharage ukutani mwa sufuria, mchuzi utashika wenyewe bila unga.

Mwanga_Sokoni
Magadi je? Mkaa nao ni hela.

Mwiko_wa_Ujiji
Yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi mchuzi unanuka sabuni. Kinachookoa mkaa ni kuloweka. Na nunua ya msimu huu. Maharage yaliyokaa sana ghalani yanakula mkaa gunia zima na bado yanagonga meno.

Shamba_Kasulu
Naongeza kisamvu cha karanga. Kitwangwe hasa mpaka kiwe laini, si kukatakata, kwa sababu kutwanga ndiko kunakoifungua sumu ya muhogo ili itoke na mvuke. Chemsha bila mfuniko, saa nzima. Karanga robo kilo zilizosagwa (hapo una gramu 60 na ushee za protini) zikoroge kwanza na maji ya vuguvugu kwenye bakuli, ukizimwaga kavu zinafanya madonge. Zikishaingia, moto mdogo dakika 15 na mwiko usitoke mkononi, kwani zinashika chini upesi. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu, tupa. Sumukuvu, sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaanga.

Asubuhi bagia za kunde. Vikombe 2 vya kunde, loweka saa 6, sugua maganda yaelee uyamwage, saga kwa maji kidogo mno. Piga rojo kwa mwiko dakika 5 liingie hewa. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: likielea, tayari, likizama, endelea kupiga. Chumvi na kitunguu viingie mwisho kabisa, kwa kuwa chumvi inavuta maji na bagia zitasambaratika kwenye mafuta. Zikianza kusambaratika, kijiko kimoja cha unga wa mchele kinatosha. Za kununua mtaani uliza kwanza, wengine wanatia ngano.

Lishe_Bila_Ngano
Vyakula mmemaliza, mimi naangalia mitego. Unga wa lishe wa pakiti unaweza kuwa na ngano ndani, soma au saga wako: ulezi kilo 3 kwa soya kilo 1. Soya ichemshwe dakika 30, itolewe maganda, ianikwe, ndipo ikaangwe na kusagwa. Ikisagwa mbichi inatatiza mmeng'enyo wa protini, na uji unakuwa na harufu ya majani. Sosi ya soya, ile nyeusi ya chupa, kwa kawaida ina ngano. Mwiko wa mbao na kibao cha chapati vilivyogusa ngano visiguse chakula cha mgonjwa.

Vitamini B12 hamna kwenye maharage wala kisamvu, vidonge vinahitajika. Halafu, Mwanga, huyo mtu kapimwa damu ya ugonjwa wa seliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni) au kaambiwa tu? Kama bado, asiache ngano kwanza. Akiacha mapema kipimo kinaweza kusema hana.

Mwanga_Sokoni
Kaambiwa tu. Basi ngano abaki nayo mpaka apimwe. Maharage naloweka leo.