Tupeane uzoefu: taitresheni ilikuliza wapi?

Parachichi wa Rungwe: Binti yangu wa kidato cha nne karudi na karatasi ya taitresheni, ile ya kudondoshea besi asidi mpaka zimalizane ili ujue nguvu yake, imechakaa kwa kufuta. Jibu lake ni nusu ya jibu la mwalimu na hajui kwa nini. Nilivyoiona tu, nimerudi maabara ile, mwezi wa saba, vidole vimeganda, koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea, haigeuki. Nani mwingine iliwahi kumliza? Leteni.

Kamwene Iringa: Mimi. Na sitaki kukumbushwa.

Mtoto wa Kiwira: Nilipangiwa meza ya dirishani, ukungu unaingia. Kwenye bureti asidi ya haidrokloriki (HCl) 0.1 M, yaani mole 0.1 kwa lita, kwenye chupa besi yetu, sodiamu kaboneti, sentimita za ujazo 25, matone mawili ya MO (methili oranji, rangi ya kuonyesha asidi imetosha), njano safi. Raundi ya kwanza nikapitiliza, nyekundu tupu. Sikujali, ile ni ya kubahatisha, haiingii kwenye wastani. Zilizofuata zikaja 24.0, 24.1, 23.9. Nikajiona profesa! Nikachapa MaVa = MbVb (nguvu mara ujazo wa asidi ni sawa na nguvu mara ujazo wa besi), nikapata 0.096, nikapigia mistari miwili kwa rula. Tunatoka nje, darasa zima linasema 0.048. Tumbo likapoa. Kaboneti moja inakula asidi mbili, jamani. Ile 2 mbele ya HCl niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiacha pale juu kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Wakataka na gramu kwa lita: wenzangu 5.1, mimi 10.2. Kosa likazaa.

Soweto Kwetu: Mbona sisi tulifundishwa MaVa = MbVb basi?

Mtoto wa Kiwira: Aliyekufundisha alikuwa anawahi daladala. MaVa gawanya kwa MbVb ni sawa na namba ya mbele ya asidi kwenye mlinganyo gawanya kwa namba ya mbele ya besi. Sawazisha mlinganyo kwanza.

Baridi ya Njombe: Mimi nilisuuza chupa ya koniko, ile inayokaa chini ya bureti, kwa besi. Asidi ikaenda nyingi kuliko meza zote.

Soweto Kwetu: Si ndivyo? Kila chombo kinasuuzwa na kitakachoingia.

Baridi ya Njombe: Bureti kwa asidi, pipeti (mrija wa kupimia besi) kwa besi, chupa kwa maji TU. Besi iliyoganda ukutani hukuipima, lakini asidi itailipia.

Soweto Kwetu: Na maji yakibaki ndani?

Baridi ya Njombe: Yabaki. Mole za besi ni zilezile.

Soweto Kwetu: Haya, mwalimu mkuu.

Mzee wa Makambako: Nyie mnabishania kusuuza, mimi niliimeza.

Parachichi wa Rungwe: Eeh?!

Mzee wa Makambako: Hatukuwa na kile kimpira cha kuvutia pipeti. Unavuta kwa mdomo kama mrija wa soda. Ncha ikatoka kwenye maji bila mimi kuona, nikavuta hewa, NaOH (sodiamu haidroksaidi, besi kali) ikaruka mpaka kooni. Inateleza kama sabuni ya mche, ulimi nikauona si wangu. Mwalimu kanikamata shati mpaka bombani. Bomba kavu! Nikasukutulia maji ya mvua tuliyokinga batini, yale tuliyoyapa heshima ya maji ya maabara.

Kamwene Iringa: Pole mzee wangu. Ulimaliza?

Mzee wa Makambako: Nilimaliza, machozi yanatoka. C.

Soweto Kwetu: Ungelamba ndimu, zingemalizana humo humo.

Baridi ya Njombe: Usiue watu! Sukutua kwa maji mengi, usijitapishe, kituo cha afya. Ndimu inaongeza joto juu ya kidonda.

Soweto Kwetu: Natania.

Baridi ya Njombe: Tania kwenye mpira.

Parachichi wa Rungwe: Nimemsomea binti. Anasema yake haina kaboneti, ni NaOH, kwa hiyo besi moja kwa asidi moja. Sasa nusu imetoka wapi?

Mtoto wa Kiwira: Asidi gani dada?

Parachichi wa Rungwe: Ngoja nimuulize... Salfuriki.

Mtoto wa Kiwira: Hahaha! Salfuriki moja inakula NaOH mbili, ile 2 imehamia upande wa besi. Mwambie azidishe jibu lake kwa mbili.