Wakuu, nafufua Honda CG125 ya zamani nyumbani: nikate fremu kwanza au niwashe injini kwanza?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Mjomba ameniachia pikipiki yake, Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile ya umeme wa volti 6 na pointi za kuwashia (vile vibao viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche). Imekaa bandani miaka mingi bila kuguswa. Pikipiki mpya zipo, ila mimi nataka hii hii irudi barabarani.

Hali yake ni hivi. Kiki haishuki kabisa, imekaza. Tenki limejaa kutu, ukilitikisa unasikia magamba yakigongana ndani. Waya za taa kuna mtu alizikata akaziunga kwa nailoni. Breki ya mbele ukiibana mkono unaenda ila gurudumu halishiki. Fremu sijaona ufa, na kadi yake ipo.

Ninachotaka ni usukani mfupi wa kuinamia, kiti cha mtu mmoja, mkia wa fremu ukatwe, boksi la hewa litoke niweke kichujio kidogo cha wazi kwenye kabureta, eksozi fupi, rangi nyeusi. Nina seti ya spana, bisibisi, msasa na grinda ya kuazima. Rafiki yangu anasema nianze na fremu kwa sababu ndiyo kazi kubwa, injini itafuata. Roho yangu inasita. Nianzie wapi? Na injini ikikaza hivyo ndiyo imekufa?

Naomba kuwasilisha.

Spana Kumi

Mkuu, hiyo grinda irudishe kwa mwenyewe kwanza. Fremu ikishakatwa hairudi, na hujui bado kama una injini.

Kabla ya yote soma namba ya chesisi na namba ya injini, zilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Zisipolingana, maliza hilo suala kabla hujanunua hata plagi. Uliza pia mamlaka ya usajili ya nchini kwako kuhusu kubadili rangi na umbo, kwa sababu sehemu nyingi mabadiliko hayo lazima yaandikwe.

Sasa injini. Kukaza si kufa. Mara nyingi ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyepesi tu. Toa plagi, mimina kwenye tundu lake mchanganyiko wa oili ya giaboksi za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kiasi cha kufunika kichwa cha pistoni. Ziba tundu kwa kitambaa, iache. Usiwe na haraka hata kidogo, na usiipande kiki kwa uzito wako. Meno ya kiki yakivunjika utapasua injini yote kwa kosa lisilo na sababu. Ikishaloa vya kutosha, isimamishe kwa stendi ya kati, ingiza gia ya juu kabisa, kisha tikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono, taratibu. Gia ya juu ndiyo inayokupa nguvu zaidi kwenye krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikigoma, ongeza mchanganyiko, iache tena.

Ikizunguka usikimbilie kuwasha. Mwaga oili yote ya zamani. Fungua mfuniko wa kulia usafishe kile kikombe cha kuchujia kilicho kwenye ncha ya krankshafti. Kinazunguka na injini, kwa hiyo uchafu hutupwa pembeni ukagandia ukutani kama tope jeusi. Watu wengi hubadili oili maisha yao yote bila kujua kipo. Weka oili mpya yenye alama ya JASO MA, yaani kiwango cha oili za pikipiki, maana klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze.

Una bahati ya injini pia. CG125 ilitoka 1976 na ilitengenezwa makusudi kwa watu wasiokuwa na muda wa matunzo. Haina mnyororo wa kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Kamshafti ipo chini, inazungushwa na gia, na vali zinasukumwa na fito mbili ndefu. Nafasi ya vali ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa, injini ikiwa baridi. Unaipima mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Cheni Kavu

Mimi natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Ukianza kwa kufungua kila kitu unapata fursa ya kukata, kuchomelea na kupaka rangi mara moja. Ukiiwasha kwanza utaipanda, na ukishaipanda hutaifungua tena. Nimeona miradi mingi ikiishia hapo.

Spana Kumi

Cheni Kavu, nakuelewa, na mwenye uzoefu anaweza kufanya hivyo. Mleta mada ndiyo mara yake ya kwanza. Miradi ninayoiona ikifa ni ile iliyofunguliwa yote siku ya kwanza, ikawekwa kwenye ndoo, na baada ya muda hakuna anayekumbuka washa (kile kipete cha bolti) ipi inakaa wapi. Akiiwasha ikiwa nzima atajua gia zipi zinaruka, sili ipi inavuja, beringi ipi inalia. Orodha ya kazi itaandikwa na pikipiki yenyewe. Halafu ndiyo aifungue.

Na atakapofungua, ajue hili la skrubu. Skrubu za mifuniko ya Honda za zamani zinafanana na za nyota tulizozoea lakini ni za kiwango cha Kijapani, JIS. Nyingi zina kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haizami hadi chini, ukikaza mkono inapanda juu na kula kichwa. Atafute bisibisi ya JIS, na ile ya kugonga kwa nyundo kwa zilizoganda.

Rangi Mbili

Niseme la tenki maana ndiyo fani yangu.

Mkuu, usimruhusu fundi yeyote alichomelee au alikaribie na moto, hata kama limekaa kavu miaka. Mvuke wa petroli unabaki kwenye kutu na kwenye mikunjo, na tenki tupu ndilo linalolipuka vibaya kuliko lililojaa.

Kutu itoe kwa siki. Toa kwanza koki ya mafuta na mfuniko, ziba matundu, jaza siki nyeupe hadi juu, acha ikae, ukiangalia kila baada ya muda. Magamba makubwa yasaidie kutoka kwa kutia nati za chuma ndani na kutikisa, ila zihesabu zinavyoingia na zinavyotoka. Ukimaliza suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kisha maji safi, kisha kausha kwa hewa ya moto papo hapo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Chuma kikitoka kwenye siki kiko uchi, ukikiacha na unyevu kinaanza kubadilika rangi kuwa ya chungwa mbele ya macho yako. Kikishakauka tia petroli kidogo iliyochanganywa na oili, zungusha ipake kila kona. Weka pia kichujio kwenye mpira wa mafuta hata kama tenki linang'aa.

Rangi ni mwisho kabisa, baada ya kila bracketi kuchomelewa na kila tundu kutobolewa. Msasa namba 120 kutoa ya zamani, 240 kulainisha, praima, 400 halafu 600, ndipo rangi. Rangi nyingi za kopo la kupuliza haziwezi petroli: tone moja likimwagika mdomoni mwa tenki, rangi inavimba. Zinazohimili ni za sehemu mbili zenye kigumishi, na hizo zina isosayaneti inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Kwa koti la juu la tenki mpelekee mtu mwenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, wewe fanya maandalizi yote nyumbani. Maandalizi ndiyo asilimia kubwa ya kazi.

Mama Gereji

Wote mmeongea vizuri ila mmeiruka breki, na mleta mada mwenyewe kasema gurudumu halishiki.

Mdogo wangu, pikipiki isiyowaka haimuui mtu. Isiyosimama inaua. Toa gurudumu la mbele uangalie viatu vya breki. Ukikuta vinang'aa kama kioo au vimelowa grisi, badili vyote viwili. Usipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa, breki za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na asbesto. Loanisha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitie kwenye mfuko ufungwe. Kagua na kile kipande kinachotanua viatu, kikiwa kikavu kinakwama. Kipake grisi ya joto, kidogo sana. Waya wa breki ukiwa na uzi mmoja tu uliokatika pale kwenye kichwa chake, nunua mwingine.

Tairi nazo, hata kama kashata zake zimesimama, soma ubavuni kule mwisho wa maandishi ya DOT. Tarakimu 4 maana yake wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu 3, tairi hilo ni la kabla ya 2000, litoe leo hii. Mpira mkongwe unakuwa mgumu, kwenye lami yenye maji haushiki chochote.

Kisha shika usukani gurudumu la mbele likiwa juu, ugeuze polepole toka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unajishika katikati, kama unaingia kwenye kishimo, gololi zimechimba vikombe vya usukani. Badili gololi na vikombe pamoja.

Mleta mada

Wakuu nashukuru mno. Grinda nimeirudisha. Namba zinalingana na kadi. Nilimwaga mchanganyiko kama alivyoelekeza Spana Kumi, nikaongeza tena, na leo gurudumu lilipotikiswa nikasikia injini imeachia. Sasa inazunguka kwa mkono na inapumua kwenye tundu la plagi. Kikombe cha kuchujia kilikuwa kimejaa tope hadi nusu, sikuamini.

Cheche sasa. Plagi mpya nimeweka, cheche ipo ila ni ya manjano, dhaifu, mara ije mara isije. Na lile swali la kichujio cha wazi na usukani mfupi hakuna aliyelijibu.

Spana Kumi

Safi sana mkuu. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Fungua pointi uzitazame. Zikikaa muda mrefu uso unashika ukungu wa kijivu unaozuia umeme. Pitisha msasa laini sana katikati, kisha kipande cha karatasi ngumu safi hadi kitoke bila alama. Nafasi yake zikiwa zimefunguka hadi mwisho ni milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi 0.6 hadi 0.7. Zungusha injini gizani uziangalie: zikitoa miale mikubwa zenyewe kwa zenyewe, kondensa (kile kifaa kidogo kinachozuia miale kwenye pointi) imekufa. Hizo waya za nailoni uzitoe zote, unganisha upya kwa rangi zile zile, na piga picha kabla ya kila waya unaotoa. Sehemu ambayo waya wa hasi unagusa fremu ikwangue hadi chuma kionekane. Na ukija kupaka rangi, pale uzibe.

Kuhusu kichujio cha wazi, mimi ningekuacha na boksi lako. Kabureta ilipangiwa hewa inayopitia boksi lile. Ukilitoa na ukafupisha eksozi, hewa inaongezeka na mafuta yanabaki yale yale. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inachemka, mwishowe pistoni inatoboka. Ukilazimika, uongeze ukubwa wa jeti kubwa (kitundu kikuu cha mafuta kwenye kabureta) hatua kwa hatua na kila hatua usome plagi: rangi ya kahawia hafifu ni sawa, nyeupe ni hatari, nyeusi kavu umezidisha mafuta. Usitanue jeti kwa waya, nunua yenye namba yake.

Cheni Kavu

Mkuu kwa hatua uliyofikia nami nakubali, iwashe kwanza.

La usukani: ukishausogeza chini, waya za klachi, breki na mafuta zinabaki ndefu, zinapinda vibaya. Zipange upya, kisha injini ikiwa inanguruma pole pole geuza usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Mlio ukipanda sehemu yoyote, waya wa mafuta unavutwa, na barabarani itakuongezea mwendo kwenye kona. Hakikisha pia vidole havibanwi kati ya usukani na tenki.

La mkia: kata nyuma ya vishikio vya shokapu, kamwe si mbele yake. Kabla ya kuchora mstari, toa springi za shokapu, rudisha shokapu tupu, nyanyua gurudumu hadi liishie juu. Hapo utaona tairi linafika wapi. Kiti chako na waya za taa ya nyuma vikae juu ya hapo. Ukikata funga kwa bomba lililokunjwa, lichomelewe na mtu anayechomelea vyuma vyembamba kila siku.

Mleta mada

Nimeelewa. Boksi la hewa linabaki. Kesho naanza na pointi, halafu breki ya mbele kama dada alivyosema. Springi za shokapu nizitoe kwa kifaa gani salama?

Mama Gereji

Kwa kifaa cha kubania springi chenye bolti mbili, kaza pande zote sawa, zamu kwa zamu. Usizifungue kwa kuzishikilia kwa mikono, na uso wako usiwe usawa wa ncha ya shokapu.