Kwa nini upitishaji umeme na kutulia kwa dielektriki hufuatana ndani ya kioo?

mpima_kioo
Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikipima kioo cha silika chenye sodiamu kwa mkondo geu, kuanzia hezi 0.1 hadi megahezi 1, katika nyuzijoto mbalimbali. Kwenye marudio ya chini upitishaji haubadiliki, kisha huanza kupanda. Nilipoondoa mchango wa mkondo mnyoofu katika upotevu wa dielektriki (nishati ya uga wa umeme inayogeuka joto ndani ya kioo), kilibaki kilele kimoja kipana. Kinachonitatiza ni kwamba nishati amilishi (nishati ya kuvuka kizuizi ili mwendo utokee) ya upitishaji na ile ya marudio ya kilele zote ni takriban elektronivolti 0.65. Nilifundishwa kwamba upitishaji ni safari ya chaji kutoka elektrodi hadi elektrodi, ilhali kutulia ni kugeuka kwa dipoli (jozi za chaji chanya na hasi) palepale zilipo. Ikiwa ni mambo mawili, mbona yanakwenda pamoja hivi?

ioni_msafiri
Ndugu, hapo ni jambo moja linalotazamwa kwa njia mbili. Kilele chako hakitokani na dipoli za kudumu, bali na ioni za sodiamu zinazoruka kutoka kituo hadi kituo, na kwa kuwa atomi za kioo hazina mpangilio, vizuizi vya nishati baina ya vituo hivyo havilingani. Uga wa umeme unapogeuka upesi, ioni huwahi kuruka vizuizi vifupi tu, zikienda na kurudi, na huko kwenda na kurudi ndiko unakokupima kama dielektriki. Unapogeuka polepole, hupata muda wa kuvuka hata vile virefu vinavyofunga njia, ndipo zinaposafiri kweli.

Fikiria mvua inayojaza madimbwi bondeni: kila dimbwi hubaki peke yake mpaka maji yafikie kimo cha kuyaunganisha kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kizuizi cha kimo hicho ndicho kinachoamua upitishaji, na ndicho hichohicho kinachoamua kilele kikae wapi.

Barton mwaka 1966, kisha Nakajima na Namikawa katika miaka ya 1970, waliuandika uhusiano huo hivi: σ₀ = p·ε₀·Δε·ωₘ, ambapo σ₀ ni upitishaji wa mkondo mnyoofu, ε₀ ni namba thabiti ya umeme ya ombwe, Δε ni kimo cha ngazi ya dielektriki, yaani kiasi ambacho ε′ (uwezo wa kioo wa kuhifadhi chaji) hushuka marudio yanapopanda, ωₘ ni marudio ya kilele kwa radiani, na p ni namba iliyo karibu na 1. Jaribu kuiweka data yako humo. Nami naona uzuri mkubwa katika kazi ya Dyre na Schrøder, ambao mwaka 2000 walieleza kwamba, vizuizi vikitofautiana sana, umbo la mchirizi wa upitishaji kwenye grafu karibu halijali vimegawanyika vipi.

fundi_wa_sampuli
Nakubaliana na mwenzangu, ila nakuomba uwe mwangalifu kwa mambo mawili. Kwanza, ulitoa σ₀ wewe mwenyewe, kwa hiyo kosa dogo katika namba hiyo linaweza kusogeza kilele. Ngazi ya ε′ haihitaji kutolewa kitu, basi anzia hapo. Pili, katika marudio ya chini ioni hurundikana kwenye elektrodi zisizozipitisha, na ε′ hupanda kufikia maelfu. Hilo si tabia ya kioo. Tengeneza sampuli nyingine yenye unene tofauti: ngazi ikihama pamoja na unene, unapima elektrodi. Isitoshe, usiupeleke uhusiano huu kwenye polima zenye dipoli zake zenyewe bila kuupima kwanza, kwa kuwa huko sehemu za molekuli zinaweza kutulia kwa mwendo wake na ioni zikasafiri kwa mwendo mwingine.

mpima_kioo
Nawashukuru sana. Nimesoma Δε ya takriban 10 kwenye ngazi ya ε′, bila kutoa chochote. Kwenye nyuzijoto hiyo σ₀ ni 2 × 10⁻⁹ S/m na kilele kiko karibu na hezi 3, yaani radiani 19 kwa sekunde, kwa hiyo p inakuwa kama 1.2. Kesho nitasaga sampuli ya pili hadi nusu ya unene, kisha nitarudi na michirizi yote miwili.