Mjadala: Marekani kura zinatafutwa mtandaoni au mlangoni?

Wakuu, kila uchaguzi wa Marekani ukiisha utasikia "huyu kabebwa na mtandao". Ilisemwa kwa Obama 2008, ikasemwa kwa Trump 2016, na tangu Novemba 2025 inasemwa kwa Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyeshinda umeya wa New York. Mimi nabisha.

Mkumbukeni Howard Dean, aliyetaka Democratic wamteue kugombea urais. Mwaka 2003 alichangisha mamilioni mtandaoni, vijisenti vya watu wengi, akawapiku wagombea wenzake wa Democratic kwa fedha. Januari 2004 jimbo la Iowa, la kwanza kuchagua mgombea wa chama, likapiga kura: nafasi ya tatu! Wafuasi wake walimiminika kutoka majimbo mengine na kofia zao za rangi ya chungwa, wakawapigia hodi watu wasiowajua hata kwa sura. Wenyeji wakawaona wageni tu.

Sikatai, video za Mamdani zilikuwa tamu. Ile ya kuwauliza wauza chakula wa barabarani kwa nini sahani ya wali imefika dola 10, wakamjibu kwamba vibali wanavikodi kwa bei ya kuruka, nimeirudia mara kadhaa. Lakini faida yake kubwa ilikuwa kuvuta watu wa kujitolea, makumi ya maelfu, wakazi wa mji uleule, waliopanda ngazi za magorofa mlango kwa mlango. Mpinzani wake Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa New York, alibaki na matangazo ya televisheni.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, Trump umemruka haraka. Oktoba 2024 alikaa kwenye podikasti ya Joe Rogan karibu saa tatu. Vijana wasiofungulia mgeni mlango wala kuangalia taarifa ya habari walimsikia. Hao ungewapata kwa hodi ipi?

Mleta mada: Hao kweli hodi haiwapati. Ila Elon Musk, aliyeinunua Twitter kwa dola bilioni 44, uchaguzi huohuo alitoa fedha watu walipwe kugonga milango kwenye majimbo yenye ushindani mkali. Mtandao ni wake, na bado hakuuachia kazi peke yake.

Mchangiaji wa pili: Nyie mnabishania ushindi. Mmesahau Cambridge Analytica, kampuni ya data iliyoifanyia kazi kampeni ya Trump 2016? Taarifa za watumiaji wa Facebook hadi milioni 87 zilichotwa bila ridhaa yao, na 2019 Facebook ikapigwa faini ya dola bilioni 5. Anayegonga mlango namwona usoni, namuuliza, namfukuza nikitaka. Tangazo lililolengwa kwangu tu, mpinzani wa aliyelitoa hata hajaliona, atalikanushaje?